Matayarisho ya Safari ya Nyanya

Wahenga walisema safari ni hatua. Mimi nilidhani methali hiyo inahusu miguu tu, hadi mwaka wa 2025 nyanya yangu alipojiandaa kwenda Makka. Ndugu msomaji, kaa kitako nikusimulie, kwani niliyojifunza katika matayarisho hayo sikuyapata katika kitabu chochote cha Kidato cha Tatu.

Tunaishi hapa Kitale watu watatu: mama yangu, nyanya na mimi. Nyanya ni mzaliwa wa Bungoma, nasi nyumbani humwita kukhu. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 67. Kila siku huamka saa kumi za alfajiri, akaswali, akapika mandazi na kukaanga njugu, kisha akaenda kuuza karibu na steji ya matatu. Kwa kuwa shule yetu ni ya kutwa, mimi humbebea ndoo ya mandazi hadi steji ndipo niende zangu masomoni. Pesa zake aliziweka katika mkebe wa Kimbo chini ya kitanda. Mimi na yeye hulala chumba kimoja, kwa hiyo mkebe ule niliujua vizuri, hata zaidi ya nilivyostahili kuujua.

Kwa miaka minane alikuwa akiweka akiba ili aende Umra. Niwaeleze kidogo wasomaji wasio Waislamu. Hija ni faradhi ya mara moja maishani kwa mwenye uwezo, nayo hufanywa katika mwezi maalum wa Kiislamu. Umra ni ibada fupi zaidi, yaweza kufanywa karibu mwaka mzima, na gharama yake ni ndogo kuliko ya Hija. Nyanya alisema, "Hija ni ya wenye mbavu za pesa. Mimi Mungu akinipa Umra, nimeshukuru." Wajomba zangu walipomwongezea kidogo mwezi wa Aprili, hesabu ikatimia. Akajiandikisha katika kundi la watu 22, wengine wa Kitale na wengine wa Bungoma.

Basi hapo ndipo shughuli ilipoanza. Kumbe kwenda ng'ambo si kama kupanda matatu ya Kimilili! Jambo la kwanza lilikuwa pasipoti, na pasipoti ikadai cheti cha kuzaliwa. Nyanya alizaliwa nyumbani mwaka wa 1958, mkunga akiwa jirani, na hakuna mtu aliyeandika chochote. Ikabidi twende Bungoma kwa chifu wa kule alikozaliwa, tukiwa na mzee mmoja wa ukoo wa kushuhudia kwamba kweli mtoto huyu alizaliwa pale. Nilicheka kwa ndani kusikia nyanya mwenye mvi akiitwa mtoto.

Siku hiyo tulifikia kwa mjomba. Binamu yangu, kijana wa mjomba huyo, alituona tukiingia uani. Alimwamkia nyanya akiwa amesimama mbali, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma na hakurudi hadi tulipoondoka. Nyanya aliguna tu. Mimi nilijua kilichomtoa mbio, lakini nilinyamaza. Nitakueleza baadaye.

Cheti kilipopatikana, nilimjazia nyanya fomu ya pasipoti katika eCitizen pale saiba, kisha mwezi wa Juni tukaenda Eldoret kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Foleni ilikuwa ndefu kama ya mahindi wakati wa mavuno. Wengi waliokuwa pale walikuwa wasichana waendao kufanya kazi katika nchi za Ghuba. Mmoja wao alimtazama nyanya akamwuliza kwa heshima, "Mama, na wewe unaenda Saudia kazi ya nyumba?" Nyanya akamjibu, "Ndiyo mwanangu, naenda kufanya kazi katika nyumba ya Mungu." Foleni nzima ikaangua kicheko. Kisha nyanya akafungua mfuko, akawagawia njugu bila malipo, na akamwombea msichana yule apate mwajiri mwenye huruma.

Baada ya pasipoti ilikuja zamu ya chanjo. Saudia hutaka mgeni awe na chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na ichomwe siku zisizopungua kumi kabla ya kuingia. Tena kwa kuwa sisi tunatoka Kenya, tunadaiwa cheti cha homa ya manjano, ambacho tangu mwaka wa 2016 mtu akikipata huwa ni cha maisha. Daktari alimwuliza nyanya maswali mengi kabla ya sindano, kwani waliopita miaka sitini huchunguzwa zaidi kabla ya kupewa chanjo hiyo. Nyanya alivumilia yote. Alipotoka alinipa kile kitabu cha manjano nikishike, akasema, "Kiweke vizuri. Mkono umeniuma kwa ajili yake."

Kila Jumapili baada ya swala ya alasiri wasafiri wa Kitale walikutana madrasani kufundishwa. Mwalimu alileta katoni kubwa ya friji, akaifunika shuka jeusi, akaiweka katikati ya uwanja iwe mfano wa Kaaba. Wazee wakafundishwa kuizunguka mara saba, Kaaba ikiwa upande wao wa kushoto. Mzee mmoja alianza kuzunguka kwa upande mwingine, akagongana uso kwa uso na mama muuza sukumawiki. Walai tulicheka! Lakini mwalimu hakucheka. Alisema, "Hapa mko kumi na wawili na mmegongana. Kule mtakuwa maelfu kwa maelfu. Jifunzeni sasa." Akatueleza kuwa zamani mahujaji wa kwetu walishuka hadi Mombasa wakapanda meli hadi Jeddah, siku nyingi baharini. Siku hizi ndege kutoka Nairobi hufika Jeddah kwa saa chache tu, na kutoka Jeddah hadi Makka ni kama kilomita 80 kwa barabara.

Shida kubwa ilikuwa goti la nyanya. Baada ya kuizunguka Kaaba, msafiri hutembea mara saba kati ya Safa na Marwa. Kila mwendo ni kama mita 450, kwa hiyo yote ni kilomita tatu na zaidi. Mama alisema watu wasiojiweza husukumwa kwa viti vya magurudumu. Nyanya akakataa katakata. "Bi Hajara alikimbia pale akimtafutia mtoto maji. Mimi nisukumwe kama gunia?"

Basi nikawa kocha wake. Uwanja wa shule ya msingi iliyo karibu nasi una njia ya kukimbilia ya mita 400. Nikapiga hesabu: mizunguko minane ingetosha. Jioni ya kwanza nyanya alizunguka mara mbili akaketi chini. Wiki ya pili akafika mara nne. Watoto waliokuwa wakicheza mpira walimzoea, wakawa wakimpigia makofi akipita golini. Mwisho wa Julai alikamilisha minane, mimi nikiwa kando na chupa ya maji, na nikiri kuwa machozi yalinilengalenga.

Mama hakuwa na amani. Yeye aliogopa joto. Mwaka wa 2024 serikali ya Saudia ilitangaza kuwa mahujaji 1,301 walifariki wakati wa Hija, na wengi wao walikuwa wamekwenda bila kibali rasmi, wakitembea juani bila mahema wala usafiri. Ingawa Umra haina msongamano wa siku zile, Makka mwezi wa Septemba bado ni moto. Kwa sababu hiyo tulihakikisha kundi lina kibali, tukanunua mwavuli mweupe, na nyanya akafundishwa kunywa maji hata kama hana kiu.

Nami nilimfundisha simu. Nilimwekea programu ya Nusuk, ambayo msafiri huitumia kuomba nafasi ya kuingia Rawdha katika msikiti wa Mtume kule Madina. Nilimfundisha kuwa riyal moja wakati huo ilikuwa kama shilingi 34, asije akadhani soda ya riyal tatu ni rahisi! Jambo lililomfurahisha zaidi ni kwamba saa za Makka ni sawa na zetu. "Kwa hivyo nikila wali wa mchana, nanyi mnakula?" Nikamwambia ndiyo, kama upo wa kula.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Mwalimu wa madrasa aliwaambia wasafiri kuwa sanduku si kitu cha kwanza kufungwa. Kwanza mtu alipe madeni yake, arudishe amana za watu, na aombe msamaha kwa aliowakosea, kwani huenda asirudi. Nyanya alilichukua neno hilo kwa uzito. Alimlipa mwenye duka shilingi 350 za unga. Alimwendea mama mmoja wa sokoni ambaye hawakuwa wakisemezana tangu mwaka wa 2021 kwa sababu ya mahali pa kuweka meza. Kisha akasema, "Amebaki yule kijana wa Bungoma. Naye nikamwambie nimemsamehe."

Msomaji, moyo ulinipiga paa! Kijana huyo alikuwa binamu yangu. Mwaka wa 2024 alikuwa akiishi nasi hapa Kitale, akijifunza kuchomelea vyuma katika jua kali. Mwaka huo nilikuwa Kidato cha Pili, na shule ikatangaza ziara ya Mbuga ya Saiwa, kule kwenye kinamasi cha swala wale waitwao sitatunga, pamoja na Makavazi ya Kitale. Ada ilikuwa shilingi 1,200. Mama hakuwa nazo. Wenzangu wote walikuwa wakienda, nami sikutaka kubaki darasani peke yangu kama mkiwa. Usiku mmoja nyanya akiwa anaswali, nilivuta mkebe wa Kimbo nikachukua pesa hizo. Nilimdanganya mama kuwa mwalimu alinifadhili.

Nyanya alipogundua upungufu alimtazama binamu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa hana pesa na ndiye aliyekuwa amenunua viatu juma lile. Binamu aliapa. Nyanya hakuamini. Maneno yakawa makali, na siku ya pili yake kijana akakunja nguo zake akarudi Bungoma, kazi ya vyuma ikafa. Siku hizi alikuwa akibeba mizigo katika soko la Chepkube. Mimi niliwaona wale sitatunga, tena kwa mbali sana kati ya matete, na sikufurahi hata kidogo.

Likizo ya Agosti tulipanda matatu mapema kwenda Bungoma, mimi na nyanya. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye. Kila mji tuliopita nilijiambia nitasema tukifika mji unaofuata. Hatimaye tulifika Kanduyi na ulimi wangu bado ulikuwa mzito kama jiwe.

Jioni, nyanya alimwita binamu sebuleni mbele ya mjomba. Akasema, "Mwanangu, mimi nasafiri. Zile pesa za mwaka jana nimekusamehe, kutoka moyoni." Binamu akamtazama, akasema polepole, "Kukhu, asante. Lakini mimi sikuchukua. Sasa ukinisamehe kitu ambacho sikufanya, unataka nijibu nini?" Nyanya hakujibu. Mjomba alikohoa. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika sinia ya chai, na vikombe vililia juu ya sinia kwa jinsi mikono ilivyotetemeka. Lakini sikusema neno. Mpaka leo nikikumbuka dakika ile, naona haya kuliko siku ile niliyoiba.

Tulirudi Kitale kesho yake. Usiku nyanya alikaa kitandani na tasbihi yake. Ghafla akaniambia, "Mjukuu wangu, na wewe nisamehe. Mara nyingi nimekuamsha usiku ubebe ndoo, ukaenda shule umechoka. Nimekukemea bure mara nyingine. Nisamehe."

Hapo sikuweza tena. Mtu niliyemwibia alikuwa ananiomba msamaha mimi! Nilianguka magotini nikasema, "Kukhu, ni mimi. Pesa za mkebe ni mimi nilichukua, nikaenda nazo ziara."

Nilitarajia kofi. Afadhali ningepigwa. Nyanya alikaa kimya muda mrefu, shanga za tasbihi zikiwa zimesimama kati ya vidole vyake. Kisha akasema, "Jana ulikuwa mlangoni."

"Ndiyo, kukhu."

"Ukaniacha nimwambie mtoto wa mwanangu nimemsamehe."

"Ndiyo, kukhu."

Alishusha pumzi. "Lala. Kesho asubuhi tunarudi Bungoma."

Nikamwambia nauli ni nyingi, tena safari imekaribia, pengine tumpigie simu. Aliniangalia kwa jicho ambalo sijawahi kuliona. "Nilimwita mwizi kwa mdomo huu, mbele ya watu. Simu itabeba hayo?"

Tulirudi. Nyanya alimkuta binamu sokoni Chepkube akiwa na gunia la viazi mgongoni, akamngoja hadi alipolitua. Palepale mbele ya wauzaji, mwanamke wa miaka 67 akamwambia kijana wa miaka kumi na minane, "Nilikudhulumu. Hukuiba. Naomba unisamehe." Binamu alishtuka, akamshika mikono nyanya asipige magoti. Kisha akanigeukia mimi. Nilisema niliyopaswa kusema, sauti ikitoka kama ya mbu. Hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu: "Uliwaona hao wanyama?" Nikasema niliwaona. Akasema, "Sawa," akachukua gunia lingine.

Njiani nikamwuliza nyanya kama amenisamehe. Akanijibu, "Langu mimi nimelisamehe tangu jana usiku. La yule sina mamlaka ya kulisamehe. Hilo utalilipa mwenyewe." Nilikaa nikalifikiri jibu hilo hadi Webuye.

Dawa ya deni ni kulipa. Likizo yote iliyobaki nilifua nguo za majirani kwa shilingi 200 kila mara. Nilipotimiza shilingi 1,200 nilimpelekea nyanya. Alizihesabu, akazifunga katika kitambaa, akazituma kwa binamu ziwe nauli na chakula cha kuanzia, kisha akaenda mwenyewe kwa fundi wa vyuma kumwomba ampokee tena. Fundi alikubali. Binamu alirudi Kitale mwanzoni mwa Septemba, lakini hakurudi kwetu. Amepanga chumba na rafiki yake. Tukikutana njiani hunisalimu kwa kichwa. Sina haki ya kudai zaidi.

Siku mbili kabla ya kuondoka tulipima sanduku la nyanya kwenye mizani ya muuza mahindi, kwa kuwa kila msafiri aliruhusiwa kilo 23. Mizani ikasoma 14. Humo mlikuwa na mabuibui mawili, viatu vya raba, dawa ya goti, mwavuli, na njugu za kuwagawia wenziwe. Muuza mahindi akasema, "Mama, mbona mzigo mwepesi hivi?" Nyanya akacheka, "Mzito nimeutua Chepkube."

Waliondoka usiku wa Ijumaa kwa basi la Nairobi. Wale wa Bungoma walikuwa wangojee Eldoret. Steji ilijaa watu wa kuaga, Waislamu na Wakristo pia, kwa maana nani Kitale hajala mandazi ya nyanya? Binamu naye alikuja. Alilipandisha sanduku bila kuambiwa. Nyanya alituita sote wawili dirishani, akatushika vichwa akatuombea dua, kisha basi likanguruma likaenda.

Siku ya sita simu ililia. Sauti yake ilikuwa mbali lakini safi. Alisema amezunguka mara saba, na kati ya Safa na Marwa alitembea kwa miguu yake mwenyewe, hakuna aliyemsukuma. "Mwambie mama yako nakunywa maji," akasema. "Na wewe ndoo ya mandazi unabeba?" Nikamwambia nabeba, tena sasa mimi ndimi ninayepika.

Ndugu msomaji, nawe pengine siku moja utasafiri mbali, iwe Makka, Mumbai au Beijing. Utahitaji pasipoti, chanjo na sanduku, na hayo yote yana watu wa kukuelekeza. Lakini kabla hujafunga sanduku lako, tazama nyuma uone ni nani aliyebaki na mzigo wako mgongoni. Mimi wangu nilimbebesha mwenzangu mwaka mzima. Nashukuru kwamba nyanya alinirudisha Bungoma.